Jiko la Marehemu Fleurette

Jumatatu, tarehe tano Januari 1998, ndiyo siku mambo yote yalipoharibika. Nilikuwa dirishani namenya viazi, na nje mvua inanyesha. Ilishuka maji kama mvua yoyote, lakini ikigusa kitu inaganda papo hapo: juu ya waya, juu ya tawi, juu ya kamba ya kuanikia nguo. Kufikia jioni kijiji chetu cha Sainte-Aldegonde kiling'aa kama kabati la vyombo vya bibi harusi. Kisha taa zikazimika. Redio yangu ya betri ikasema mkubwa fulani anatuomba tusiwe na wasiwasi. Hapo ndipo nilipoanza kuwa na wasiwasi.

Mimi ni Ovila Messier, mgane. Mke wangu Fleurette alifariki vuli iliyotangulia. Nyonga zangu zote mbili zimekwisha, natembea kwa magongo, na niko kwenye foleni ya kupasuliwa. Foleni yenyewe inatembea polepole kuliko mimi.

Nyumba yetu ilikuwa na jiko la kuni la kupikia na kupasha nyumba nzima joto, la chuma cheusi, alilokuja nalo Fleurette alipoolewa. Miaka michache nyuma wakubwa walipita nyumba kwa nyumba wakituambia kuni ni ushamba, nchi hii ina mito na mabwawa, umeme hautakatika mpaka Yesu arudi. Anayeng'oa jiko anapewa vipasha joto vya umeme bure. Meya wetu, Réjean Hamelin, alikuja mwenyewe, akapiga picha na Fleurette, akaliazima jiko likapambe ukumbi wa parokia. Wakalijaza maua ya plastiki na kulitundikia kibao: Urithi Wetu. Kumbe urithi ni kitu unachonyang'anywa ungali hai.

Basi mvua ikaendelea. Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Minara ya umeme tuliingoja, na kweli ikaja, mmoja baada ya mwingine, imepinda magoti kama watu waliochoka kusali. Ndani ya nyumba nilivaa koti la manyoya la marehemu juu ya koti langu. Maziwa niliyatia kwenye friji iliyozimika yasigande, maana friji ndiyo iliyobaki na joto kuliko jiko la umeme, kitanda na mimi mwenyewe.

Siku ya nne wakaja askari wawili vijana kunihamisha. Walinibeba juu ya kiti cha jikoni kama askofu.

"Mzee, nishike shingo," akasema mmoja.

"Shika yako kwanza, mwanangu. Anayeteleza ni wewe."

Ukumbi wa parokia ulikuwa umejaa. Joto lilitoka kwenye jenereta moja, na jenereta ilikuwa na zamu na ng'ombe. Ng'ombe asipokamuliwa anaumwa, mashine ya kukamulia inataka umeme, kwa hiyo kila asubuhi na kila jioni jenereta ilipakiwa ikazunguka mazizini. Sikulaumu. Ng'ombe wana chama chao, sisi wazee tuna blanketi.

Pembeni, nyuma ya meza ya supu, nikaliona jiko la Fleurette na maua yake. Watu walikuwa wametundika soksi mbichi juu yake. Hazikukauka.

Jioni hiyo jenereta ikiwa mazizini, akanijia Bi. Pelchat, afisa wa ustawi, mwanamke mwenye sauti ya kubembelezea watoto.

"Bwana Messier, wewe kutembea ni shida, na nyumba yako haina joto. Kesho gari litakupeleka makao ya wazee mjini. Ni kwa muda tu, baba."

"Muda wa nani?"

Akatabasamu. Jirani yangu Philias Jodoin alipelekwa huko kwa muda tu, sababu ya mafua. Nyumba yake iliuzwa kabla kikohozi hakijapona. Nyumbani kwangu bado kuna aproni ya Fleurette nyuma ya mlango. Sikuwa na mpango wa kumwachia dalali.

"Nyumba yangu haina joto," nikamwambia kwa sauti ya kusikika, "kwa sababu joto langu liko pale, limechomekwa maua."

Meya Hamelin akasogea. "Mzee Ovila, tusianze. Lile sasa ni mali ya kijiji. Halafu hapa haliwashiki, ukumbi hauna dohani ya kutolea moshi."

"Mimi ninayo."

Watu wakageuza shingo. Gaétan, jirani yangu mfugaji, alikuwa amempakata bintiye aliyekuwa anatetemeka.

"Ngoja kwanza," akasema. "Meya ana jiko bila dohani. Mzee ana dohani bila jiko. Sisi tuna meno yanayogongana. Hesabu hii hata ng'ombe wangu anaiweza."

"Ni lazima baraza likae," akasema Hamelin.

"Baraza likae. Sisi tunasimama."

Wakasimama kweli. Jiko likafungwa kwenye sleji, kigari kisicho na magurudumu cha kuburuzwa juu ya barafu, nyuma ya trekta la Gaétan, nami nikafungwa kando yake kwa kamba ileile, maua mapajani, kama mwali na mahari yake. Nyuma yetu kijiji kizima kilishikana mikono, kila mtu anakagua pa kuweka mguu, anaweka, anasali. Kwa mara ya kwanza wote walitembea kama mimi. Hamelin alipoanguka mara ya pili akaniomba gongo moja. Nikampa. Serikali imeniegemea miaka yote, ila siku ile ndipo ilipokiri.

Nyumbani kwangu Gaétan alifunga bomba la jiko kwenye dohani, mimi nikawasha. Chuma kilipopata moto kikatoa harufu ya maziwa yaliyofurika na kuungua juu yake, miaka ile. Nikainamia kuni kwa muda mrefu kuliko kuni zilivyohitaji.

Bi. Pelchat alipofika na gari lake asubuhi, alikuta watu wamelala jikoni mpaka chini ya meza, sufuria ya supu ya njegere inachemka.

"Nani msimamizi hapa?"

"Hiki ndicho kituo rasmi cha waliohamishwa," akajibu Hamelin, nyayo zake ziko karibu kuingia tanurini.

Mtu hahamishwi kutoka kituo rasmi. Gari likarudi tupu.

Umeme ulirudi Februari. Watu wakanishukuru, wakaenda makwao. Haikupita wiki, wakaja Meya na Bi. Pelchat, mmoja amenyoa, mwingine amepaka mafuta. Wakanieleza kwamba jiko la kuni kwenye nyumba ya mlemavu anayeishi peke yake ni kinyume cha kanuni, lirudi ukumbini. Nikasema sawa, lichukueni. Ndipo Bi. Pelchat akaeleza kwamba nyumba isiyo na joto la akiba umeme ukikatika haimfai mlemavu, itabidi nipelekwe makao.

"Mheshimiwa," nikamwambia Hamelin, "nikiwa na jiko nimevunja kanuni, natolewa. Nisipokuwa nalo niko hatarini, natolewa. Hebu nielekeze, ndani ya nyumba yangu mwenyewe, nikae vipi?"

Meya akamtazama Bi. Pelchat. Bi. Pelchat akalitazama jiko. Wakasema watauliza juu.

Theluji imeyeyuka, barabara ni matope matupu, na huko juu bado kimya. Jiko naliwasha kila asubuhi. Kila gari likipunguza mwendo mbele ya lango langu naweka kuni chini na kusikiliza: huyu anakuja kuchukua jiko, au anakuja kunichukua mimi?