Msimwinue Kwanza

Malti alizaliwa Singida, akaolewa Singida, na tangu mumewe Chhotalal afariki amekuwa akiendesha peke yake duka la vitambaa na nyuzi pale Utemini. Wengi hawalijui jina lake. Wanamwita mama Bhargav, kwa jina la mwanawe aliyehamia Dodoma kikazi. Ni mwanamke mpole, mwenye sauti ya chini, na mafundi cherehani wanaonunua kwake wamezoea kuinama juu ya meza ili wamsikie.

Mbele ya duka lake barabara inateremka kidogo, na madereva hupenda kuachia mwendo. Baada ya mwanafunzi mmoja kugongwa pale na kuvunjika mguu, wakazi waliitana kwenye ofisi ya mtaa wakaunda kamati ya usalama barabarani. Mwenyekiti akawa mzee Melkiori, dereva mstaafu wa malori. Waliomba kuwekewa matuta, wakapaka chokaa mawe ya pembeni, wakapeana zamu za kuvusha watoto asubuhi. Kisha Melkiori akapita mlango kwa mlango akitafuta watu wa kufundishwa huduma ya kwanza.

"Mimi nitafaa nini?" Malti alimuuliza. "Damu yenyewe siwezi kuitazama."

"Wewe upo hapa kutwa nzima, shemeji," alisema Melkiori, ambaye alikuwa rafiki wa marehemu mumewe. "Ajali haimngoji daktari. Inamkuta yule aliyepo."

Malti akaenda, ingawa moyo ulikuwa mzito. Alikaa kwenye benchi pamoja na Dorkas, mama lishe anayepika jirani na duka lake, na vijana wa bodaboda wa kijiwe cha pale karibu. Muuguzi wa zahanati aliyewafundisha aliitwa Magdalena. Alitandika mkeka sakafuni na kumlaza mmoja wao kama majeruhi.

"Kwanza zuieni magari, msije mkagongwa na nyinyi," alisema. "Halafu, kama hakuna moto wala hatari nyingine, msimwinue. Mtu aliyeanguka kwa kishindo, shingo yake hamjui ikoje. Mkimbeba mikono na miguu kama gunia, mnaweza kuvunja kile ambacho gari halikuvunja. Mshikeni kichwa kisicheze, mwiteni, mpigieni hospitali."

Walifanya mazoezi kwa zamu. Malti alimshika Dorkas kichwa, na Dorkas akashindwa kujizuia kucheka kwa jinsi vidole vya Malti vilivyokuwa vya baridi. Basi, mafunzo yakaisha, kila mtu akarudi kwenye shughuli zake.

Ajali ilitokea msimu wa kuvuna alizeti, asubuhi, jua likiwa limeshapanda. Malti alikuwa anampimia mteja kitambaa aliposikia breki zikilia, kisha kishindo. Alipotoka mlangoni aliona pikipiki imelala katikati ya barabara, gunia limepasuka na alizeti imemwagika kila mahali. Gari dogo la mizigo lililokuwa linateremka lilikuwa limemgonga kijana wa bodaboda kwa nyuma. Kijana alirushwa hadi karibu na mtaro. Alikuwa amelala chali, kofia yake ngumu ikiwa bado kichwani, mguu mmoja umejikunja vibaya.

Watu walijaa mara moja. Mwanaume mmoja mnene akaanza kupiga kelele. "Leteni bajaji! Mshikeni miguu, mimi nashika mikono!"

Malti hakukumbuka jinsi alivyovuka mtaro. Alijikuta amepiga magoti juu ya lami, viwiko vimekita chini, na viganja vyake vimekishika kile kichwa pande zote mbili.

"Msimwinue," alisema.

Hakuna aliyemsikia. Mikono ilikuwa tayari imeshika suruali ya yule kijana.

"Nimesema msimwinue!"

Safari hii walimsikia hata ng'ambo ya barabara. Wanaomjua waligeuka kutazama ni nani anayepaza sauti vile.

"Mama, atatufia hapa hapa," alisema yule mnene, akiwa bado ameinama.

"Anapumua, namsikia. Ukimbeba hivyo utamuua wewe. Niletee watu wa kuzuia magari."

Yule mtu akauachia mguu, akasimama wima. Dorkas alikuwa ameshaingia dukani na kuchomoa kitambaa chekundu kwenye rafu, na sasa alikuwa amesimama juu kwenye mteremko akikipunga kwa mikono yote miwili, malori yakipunguza mwendo na kusimama mbele yake. Mzee Melkiori alikuwa kwenye simu akieleza mahali walipo. Mmoja wa vijana waliohudhuria mafunzo alivua shati lake akalikandamiza kwenye paja la majeruhi, pale damu ilipokuwa inatoka.

Malti aliiona damu ile. Akaondoa macho, akayarudisha kwenye uso uliokuwa mikononi mwake. Kijana alikuwa ameanza kuzinduka na kujaribu kugeuza shingo. Alikuwa akinung'unika kwa Kinyaturu, akiuliza yuko wapi.

Malti alikuwa ameisikia lugha hiyo tangu utotoni, kwa wateja wa baba yake, kisha kwa wateja wa mumewe. Akamjibu kwa Kinyaturu hicho hicho.

"Uko kwa watu, mwanangu. Usigeuze kichwa. Unaitwa nani?"

"Alute."

"Alute, nisikilize mimi tu. Unatoka wapi?"

"Mwankoko."

"Nani anakusubiri nyumbani?"

"Magreth," alisema, na machozi yakamtoka.

Malti akaendelea kumwuliza habari za Magreth, za mahindi, za mvua, chochote kile, ili asilale na asijitikise. Baadaye Alute alieleza kwamba wakati ule alidhani ni shangazi yake wa Ikungi. Alipofumbua macho akaona pindo la sari, ndipo alipojua kwamba yuko mjini.

Gari la wagonjwa lilipofika, wahudumu walimfunga kola ya shingo wakiwa wamemwacha Malti bado ameshika, kisha wakamhamishia kwenye ubao. "Sasa unaweza kuachia, mama," mmoja alimwambia, akalazimika kurudia. Vidole vilikuwa vimekakamaa. Siku hiyo Malti hakuweza tena kushika mkasi, na ni Dorkas aliyemfungia duka na kumletea chai.

Hospitalini daktari alimweleza Magreth kwamba mfupa mmoja wa shingo ya mumewe ulikuwa umepata ufa. Mishipa ya fahamu inayopita ndani yake ilikuwa salama. "Aliyemshika pale barabarani ndiye aliyekuachia mume anayetembea," alisema. "Mguu utapona, na shingo itapona. Mtafuteni mtu huyo."

Magreth hakuwa na haja ya kutafuta sana, mtaa mzima ulikuwa unalizungumza jambo hilo. Alikuja dukani akiwa amebeba jogoo mwekundu chini ya kwapa, akasimama mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu ndani."

Magreth aliyaacha maneno aliyoyapanga njiani. Akamnyooshea jogoo. Malti akampokea, akamketisha Magreth kwenye kiti cha wateja. Kisha Dorkas, aliyekuwa amechungulia kutoka jikoni kwake, akasema, "Lakini mama Bhargav hali nyama."

Magreth akaona aibu, akashika mdomo. Malti alicheka kwa sauti.

"Basi huyu ameokoka naye," alisema. "Atakaa uani kwangu. Kuna upweke pale."

Alute alikaa nyumbani miezi mingi. Vijana wenzake wa kijiwe cha bodaboda cha Mwankoko walipalilia shamba lake, na Dorkas aliwapelekea chakula alipopata nafasi. Alipoweza kutembea bila magongo, alikuja Utemini pamoja na mama yake mzazi, bibi aliyekuwa hajafika mjini kwa muda mrefu. Walileta asali waliyoagiza kwa ndugu yao wa Itigi. Bibi aliishika mikono ya Malti, akaigeuza, akavitazama viganja kama mtu anayekagua mbegu kabla ya kupanda, kisha akaiombea kwa Kinyaturu. Malti aliitikia kila neno.

"Mama, nitakulipa nini?" Alute aliuliza.

"Sikuwa na elimu hiyo," Malti alisema. "Nilipewa. Mshukuru Magdalena, na mzee Melkiori aliyenitoa dukani kwa maneno. Mimi mwenyewe sijawashukuru bado. Twendeni."

Akafunga duka mchana kweupe, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Wakaenda taratibu kwa ajili ya mguu wa Alute na umri wa bibi, wakampitia Melkiori nyumbani kwake, wakafika zahanati. Magdalena alikuwa anachanja watoto. Walimsubiri kwenye benchi pamoja na akina mama wengine, chupa ya asali ikiwa mapajani mwa Malti, na alipotoka na kuwaona, alimtambua Malti kwanza. Kisha akamtazama kijana aliyekuwa ameinuka kumsalimia, amesimama vizuri kwa miguu yake yote miwili.

"Huyu ndiye?" Magdalena aliuliza.

"Ndiye," alisema Malti.

Muuguzi alivua glavu zake, akampa Alute mkono, na akakaa kidogo bila kuuachia. Kisha akauliza kama vijana wa kijiwe cha Mwankoko wangekubali kufundishwa nao. Alute akasema yeye mwenyewe angewaita.