Mlango Uliorudi

Mzazi mwenzangu, kama mtoto wako anaandika, nisome mpaka mwisho. Mimi Jeska niliishia darasa la saba, Kigoma, na mambo ya vitabu siyajui. Ninachojua ni kilichotupata hapa Buhinyuza, Burundi, mwaka huu, na mkono wangu umo.

Shamba letu tuligawana na Longino. Mama mkwe wangu, Dorotea, alikimbilia Tanzania na mumewe mwaka wa sabini na mbili, na baba yake Longino akaingia katika nyumba yao. Tuliporudi tulimkuta Longino amezaliwa mle, ameoa mle, kosa lake hatulioni. Wazee wa kilima, ndivyo kijiji kinavyoitwa huku, wakakata shamba katikati. Yeye akabaki na nyumba pamoja na mlango wake, ule aliouchonga baba mkwe, wenye pembe mbili za ng'ombe zilizochorwa kwa patasi kwenye ubao, na bawaba za mpira wa tairi. Sisi tukajenga upande wa chini. Tukanywa pombe ya ndizi kwenye mtungi mmoja, mirija ikigusana, na mzee mmoja akasema: neno hili limezikwa, atakayelifukua amevunja mtungi.

Longino alitimiza. Mume wangu Egidius alipozidiwa, ni yeye aliyeita wanaume, wakaja na ingobyi, ile machela ya kusuka, wakambeba kwa kupokezana hadi zahanati. Alipofariki, aliyeanza kuchimba kaburi ni Longino. Gari kwetu halifiki. Ukikosa watu wa kukubeba, shamba litakusaidia nini?

Binti yangu Christina anafundisha watoto wadogo Gitega. Likizo zote alikaa miguuni pa bibi yake na daftari. Mwezi wa tano akanipigia simu: "Mama, nimefikisha hadithi saba. Nachapa kitabu kidogo, mwenyewe. Njoo unisaidie kukunja."

Nikaenda, na kanga mpya nikavaa. Siku mbili tulikaa kwa Mahmudu, mwenye duka la fotokopi nyuma ya soko. Karatasi unaikunja katikati, unapitisha mgongo wa kijiko, unapanga, unapiga pini mbili. Jalada lilikuwa la manila ya njano, na picha Christina aliichora mwenyewe: mlango wenye pembe mbili. Ndiyo hadithi ya kwanza, ya mtu aliyerudi akakuta mlango wa baba yake unafungwa na mwingine. Majina alikuwa ameyabadilisha yote. Longino alikuwa Yakobo.

Mahmudu akainua jalada kwenye mwanga.

"Mama Christina, hii mlango iko ya kweli?"

"Ni wa kweli. Babu yake aliuchonga."

"Na leo iko wapi?"

"Kwa jirani."

"Bon, mi ningeitoa. Mi nachapa mialiko ya harusi myaka makumi mbili. Watu wa kilima hawaangalie jina. Wanaangalia mbuzi iko na rangi gani, nyumba inaelekea wapi. Ukichora mlango, umechora mutu."

"Chapa tu, baba. Au wino wako unaogopa?"

Akacheka. "Wino yangu haiogope. Yenyewe iko inabakia Gitega. We ndo unarudi."

Christina aliacha kukunja. "Mama, naweza kuchora jembe. Na ndani niseme nyumba tu. Ni kazi ya saa moja."

"Bibi yako macho yanakwisha," nikamwambia. "Ukimpa jembe atajua nini? Mlango ubaki."

Ukabaki. Tukatoa nakala hamsini, nikarudi na thelathini. Mama Dorotea alipitisha kidole kwenye zile pembe, akacheka hadi akakohoa. Kisha nikaanza kugawa. Kilimani kwetu huwezi kupitisha kitu nyumba hadi nyumba ukaruka moja, ni matusi. Kwa hiyo nakala ya Longino niliipeleka mimi mwenyewe, nikamkabidhi mkewe Ursula kwa mikono miwili. Hasomi Kiswahili. Akaniambia asante, akaifunga kwenye kitenge.

Jumapili, pale wanapouza pombe, Fredi wa baiskeli akaisoma kwa sauti, anaigeuza kwa Kirundi. Alipofika kwenye pembe watu wakamgeukia Longino. Mmoja akasema, "Kumbe Longino analala salama, mlango wa wenyewe unamlinda." Wakacheka. Longino akamaliza kikombe chake, akaaga kila mtu kwa jina.

Jumatatu asubuhi alikuja na mlango kichwani. Akauegemeza kwenye ukuta wetu, akafuta jasho.

"Longino, ni hadithi ya mtoto," nikasema.

"Nimezaliwa nyuma yake, Jeska. Nilidhani neno hili tumelizika." Akatazama chini. "Sasa kila mtu na chake."

Kwake akaning'iniza gunia. Nilipeleka pombe mara tatu. Christina alikuja kutoka Gitega, akapiga magoti. Longino alitusalimu vizuri, na pombe hakuigusa.

Mwezi wa nane, Christina akiwa kwetu likizo, mama mkwe akashindwa kupumua. Petroli hakuna, pikipiki zote zimelala. Nikakimbia kwa Longino, maana ingobyi inatunzwa kwake. Akasema, "Ingobyi haitoki bila wabebaji. Waite." Nikawaita. Hakuna aliyekataa, hakuna aliyetaja mtungi. Huyu mgongo unamuuma, yule anakwenda Giteranyi, mwingine mkewe akasema hayupo, nami naona viatu vyake.

Fredi peke yake ndiye aliyekuja, macho hayainui. Machela hatuna, basi tukamlaza juu ya mlango. Christina na Fredi mbele, mimi nyuma. Ule ni mti mzito, kila hatua hamsini tunatua. Njiani Mama Dorotea alipapasa ubao chini yake.

"Pembe zipo," akasema.

Tulipovuka kijito nilimwita, hakuitika. Tukaendelea kumbeba hadi zahanati, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza kutua.

Siku ya kuzika Longino alikuja. Alisimama mbali, mikono nyuma. Jembe hakushika.

Mlango bado umeegemea ukutani. Hatuufungi popote, na kuupasua kuni siwezi. Christina haandiki tena. Daftari aliniachia, akasema nifanye nitakavyo.

Basi, mzazi mwenzangu, usiridhike kwamba majina yamebadilishwa. Uliza jirani atajiona wapi. Na mtoto akikuambia yuko tayari kufuta, mwache afute. Wangu alikuwa tayari.