Tsavoraiti ya Murunga

Filister alikuwa hadanganyiki. Mwanamke anayeuza viatu vya mitumba Soko la Toi, anayetambua ngozi na plastiki kwa kunusa tu, angedanganywaje na jiwe la kijani lisilozidi punje ya harage? Tena lililoletwa na Murunga, kijana aliyepotelea migodini Taita kisha akarudi Kibera kumtaka Celine, binti yake wa pekee!

"Hii ni chupa ya soda," alimwambia waziwazi, nyumbani kwake Soweto West, humo humo Kibera. "Na kama jiwe ni feki, wewe pia ni feki."

"Aki Mama, ni tsavoraiti, kito cha Taita. Tulilitoa ndani ya mwamba, limevaa ganda jeusi kama kiazi kilichoungua. Cheki." Murunga akachukua chupa tupu, akaikwaruza kwa jiwe lile. Chupa ikabaki na mstari mweupe. Jiwe halikuwa na alama yoyote.

Filister akaguna. Murunga alipotoka kununua maziwa ya chai, mama huyo, mbio, akachukua nyundo yake ya viatu. Si watu husema jiwe la kweli halivunjiki? Akaligonga. Kah! Likapasuka vipande viwili.

Sasa angefurahi, si ndiyo? Wapi! Vipande viling'aa kijani ambacho chupa haijawahi kuota. Kichwa kigumu gani hiki, kisichoweza hata kuuliza? Murunga akarudi, akatazama nyundo, akatazama meza. Filister akangoja matusi.

"Woi, Mama," Murunga akasema polepole. "Kukwaruzika, hapana. Lakini ukiligonga, linapasuka." Kisha akaanza kucheka mpaka maziwa yakataka kumponyoka. "Hata mimi nilivunja lingine mgodini. Msimamizi nusura anile!"

Kesho yake waliongozana hadi Kawangware kwa Mbithi, fundi wa kukata vito. Mbithi akaviinua vile vipande kwenye mwanga. Tsavoraiti safi kabisa, akasema, na rangi ni yake ya kuzaliwa. Ila jiwe zima lingetoa kito kikubwa. Filister akatamani ardhi immeze.

Yakatoka mawe mawili madogo. Moja likawekwa kwenye pete ya Celine. La pili Murunga akalitia kiganjani mwa Filister, akamkunja vidole.

"Hili ni lako. Kwani si wewe ulilipasua?"

Filister akalia na kucheka kwa pamoja, akamchapa kofi la bega.

"Ambia watu wenu waje Jumamosi," akasema. "Na wasikule huko kwenu. Nitapika samaki."