Miguu ya Karani wa Madai

Jumatatu, kabla ya mkutano wa asubuhi, karani wa madai wa kampuni ya bima alivaa shati lililopigwa pasi, akafunga tai, akaketi mbele ya kompyuta sebuleni kwa dada yake akiwa na kaptura ya kulalia. Wenzake wote walivaa hivyohivyo. Tangu kampuni iwaambie watu wafanyie kazi nyumbani, hakuna aliyeonekana kuanzia kifuani kwenda chini.

Bosi alipokuwa akieleza malengo ya mwezi, miguu ya karani ilisimama, ikavaa suruali ya kijivu na viatu vya kazini, ikatoka. Karani aliisikia ikifunga mlango. Hakuifuata, kwa sababu inayoeleweka.

"Miguu yako inakwenda wapi?" dada yake aliuliza kutoka jikoni.

"Itakuwa ofisini."

"Imepita na viatu, na mimi ndio kwanza nimepiga deki!"

Mchana mlinzi wa ofisi alipiga simu. Miguu ya karani ilikuwa imefika salama, na ya wenzake pia, isipokuwa ya bosi, ambayo hata zamani ilikuwa nadra kufika.

"Nimeifungulia, kaka. Ningeiacha juani?"

"Inafanya nini?"

"Mingine imezunguka birika. Ya kwako inakwenda kwenye meza ya mhasibu, inasimama, inarudi. Halafu inakwenda tena."

"Imebeba faili?"

"Itabebea nini, kaka?"

Karani aliijua safari ile. Enzi za ofisini kila dai lilipelekwa kwa mhasibu kwa mkono, na karani alikuwa akiacha karatasi moja makusudi ili aitwe arudi nayo. Mhasibu, mwanamke asiyecheka ovyo, naye akaanza kurudisha hata madai yaliyokamilika, eti mhuri umekaa upande. Wote wawili walijua, na hakuna aliyesema. Karani alikuwa amepanga kusema siku ya Ijumaa, pale kwenye birika. Alhamisi watu wakaambiwa wabebe kompyuta waende nyumbani. Sasa dai likipungukiwa karatasi, kompyuta inalikataa yenyewe, na hakuna meza ya kurudia. Alimpenda sana yule mwanamke, na neno pekee alilokuwa akimwambia wiki nzima ni "naomba uzime maiki."

Jioni miguu ilirudi, ikajiunga naye bila maelezo. Magoti yalikuwa na uchovu wa watu walioshinda harusini, na karani aliyaonea wivu waziwazi. Asubuhi ikaondoka tena, safari hii viatu vimepigwa rangi. Dada alimsukuma kwenye kiti cha magurudumu mpaka mezani, huku akilalamika kwamba mdogo wake akiwa nusu ana kazi kuliko akiwa mzima.

Karani aliomba arudi ofisini mwili mzima. Bosi alikataa. Viti vilishauzwa, na miguu ina faida yake, haiombi kiti wala intaneti.

Siku chache baadaye mlinzi alipiga tena.

"Kaka, mimi si mmbeya, lakini yako na ya dada mhasibu imeacha kwenda na kurudi. Imekaa kwenye ngazi. Kiatu kimekanyaga kiatu."

"Kipi kimekanyaga kipi?"

"Chake kimekanyaga chako. Taratibu."

Dada yake alikuwa amesikia yote. "Miguu haina mdomo na imeweza," alisema. "Wewe unao, umeuweka wa nini?"

Karani aliona haya, akaapa kusema kwenye mkutano unaofuata, hata mbele ya watu.

Kwenye mkutano huo bosi alitangaza kwamba jozi mbili za miguu zimeamua kuishi pamoja katika chumba cha zamani cha mafaili, kwa hiyo hazitarudi tena majumbani jioni, na kampuni inazitakia kila la heri. Watu wakabonyeza alama za makofi. Mhasibu akawasha maiki.

"Hongera," alimwambia karani.

"Hongera na wewe." Karani alinyoosha tai. "Kuna jambo nilitaka kukwambia tangu..."

"Sauti yako inakatika."

"Nasema kuna jambo..."

"Usizime," mhasibu alisema, akasogeza sikio kwenye kompyuta. "Sema tena."

"Mengine tuandikiane barua pepe," alisema bosi, na kwa kuwa mkutano ulikuwa wake, aliufunga.