Hasara Kwanza

Watu wakimwona askari mstaafu wanaona geti. Hasira ya jambo hilo ndiyo iliyonipeleka kufanya kazi kwenye chama cha wanajeshi wastaafu, chumba kimoja juu ya mafundi cherehani, nikiwaandikia wasifu wa kuombea kazi. Mtu ameongoza watu mia, amejenga daraja chini ya mvua, akirudi uraiani anapewa rungu na kiti cha plastiki! Nikajiapiza kwamba kalamu yangu itawatoa getini. Mashairi nilijifunza mwenyewe, bila mwalimu, na niliamini hakuna mwajiri atakayeyasoma maneno yangu asilegee magoti.

Kisha akaja Sajini.

Alikuwa ameshughulikia magari ya jeshi miaka kumi na tisa: misafara, mafuta, vipuri, madereva. Tangu astaafu alikuwa amekataliwa mara kumi na moja. Sasa kampuni moja ya mabasi ilitafuta msimamizi wa magari, na usaili ulikuwa Ijumaa. Akikosa hapo, Jumatatu angeanza kulinda geti la ghala la shemeji yake. Alishamwahidi mkewe.

"Kulinda si aibu," aliniambia. "Ila mimi nikisikia injini inakohoa, mikono inaniwasha. Getini nitajikuna mpaka nife."

Nilimwandikia kurasa mbili. Nikazisoma kwa sauti, nimesimama: mwamba usiotikisika, simba wa misafara, jicho lisilolala.

Sajini alisikiliza hadi mwisho, mikono magotini. "Huyo ni nani?"

"Ni wewe, mzee."

"Simjui. Na akibisha hodi kwangu, mama watoto hatamfungulia."

Dada mpiga chapa alicheka mpaka akaegemea printa. "Mshairi wetu leo kapatikana!"

Sajini akachomoa kalamu, akafuta mwamba, akafuta simba. Juu kabisa, chini ya jina lake, akaandika kwa herufi zilizonyooka: "Katika miaka kumi na tisa nilipoteza lori moja, na dereva wake akapoteza mguu. Kosa lilikuwa langu."

Niliruka. "Mzee, unajichimbia kaburi! Nani anaanza wasifu kwa kosa?"

"Ripoti inaanza na hasara, mwanangu. Redio hukatika wakati wowote. Ikikatika, mkubwa awe ameshasikia lililo zito."

"Hii si redio! Mwenye bucha haandiki mlangoni kwamba nyama imechacha!"

"Ndiyo maana watu wanaumwa matumbo."

Tulibishana hadi mafundi wa chini wakasimamisha cherehani wapate kusikia. Sikumweza. Dada akachapa alivyotaka Sajini. Lakini mimi nami si wa kushindwa kirahisi. Nikachapa zile kurasa zangu mbili, nikazitia kwenye bahasha, na Ijumaa nikamsindikiza, eti namshikia vyeti.

Mkuu wa kampuni alikuwa mama wa makamo, injinia, mwenye vidole vilivyoingiwa na grisi ambayo sabuni imeshakata tamaa nayo. Akasoma mstari wa kwanza. Akanyanyua macho, akarudia kuusoma. Mkono wangu ukaenda kwenye bahasha. Sajini, bila hata kugeuka, akaweka kiganja chake juu ya bahasha.

"Watu kumi na wawili wameniletea wasifu," mama alisema. "Wote hawajakosea tangu wazaliwe. Wewe ulifanya nini?"

"Nilimruhusu dereva atoke akiwa hajalala siku mbili. Tulikuwa na haraka. Lori nililikagua mwenyewe: matairi, breki, taa, vyote sawa. Dereva sikumkagua. Akasinzia kwenye kona, likaingia mtoni." Akagusa goti lake mwenyewe. "Ni mguu wa kushoto. Huwa nakwenda kumtazama."

Nilikuwa nimemjua kwa wiki tatu na sikuwahi kumwuliza habari hiyo. Nilikuwa na haraka ya kumwita simba.

Mama akasimama. "Twende uwanjani. Basi lile jeupe linatoka saa nane, lina abiria arobaini. Likague."

Sajini hakuinama kwenye matairi. Alipanda moja kwa moja hadi kwa dereva, kijana mwenye miwani ya jua, akamsalimia, akamwomba aivue.

"Wewe ni mkaguzi wa magari au daktari wa macho?"

"Ulilala lini?"

"Nimelala, mzee."

"Nimeuliza lini."

Dereva akacheka, kisha kicheko kikamwishia mdomoni. Mkewe alikuwa amejifungua mapacha juzi. Tangu hapo hakujua usiku wala mchana.

"Hongera sana, baba mapacha," Sajini akasema, akachomoa ufunguo. Akashuka. "Halitoki, mama. Mpaka apatikane dereva mwingine."

"Abiria wameshakaa!"

"Nimewaona."

"Bosi hapa ni mimi. Wewe hata hujaajiriwa!"

"Kweli, mama. Kwa hiyo huwezi kunifukuza."

Nikafumba macho. Nilipofumbua, abiria walikuwa wanagonga madirisha, na mmoja anauliza huyu babu ameokotwa wapi. Mama alikuwa amenyoosha mkono kudai ufunguo. Sajini alisimama wima, mikono nyuma, ufunguo ndani ya ngumi. Hakujitetea, hakupaza sauti. Kazi aliyoihangaikia miezi yote ile ilikuwa pale kwenye kiganja cha yule mama. Angeweka ufunguo tu, aichukue. Hakuuweka. Nimetunga beti nyingi za mashujaa nikiwa nimelala chali kitandani kwangu. Huyu alikuwa wa kwanza niliyemwona kwa macho, na alikuwa amevaa koti la kuazima linaloishia juu ya vifundo vya mikono.

Dereva ndiye aliyeshuka, taratibu, miwani mkononi. "Bosi, huyu mzee hajakosea. Asubuhi nilipita taa nyekundu. Kondakta ndiye aliyeniambia. Mimi sikuiona kabisa."

Mama akashusha mkono. Akapiga simu. Dereva mwingine alifika baada ya dakika hamsini, na dakika hizo Sajini alizitumia chini ya basi, akikagua breki.

Basi lilipotoka, mama alimgeukia. "Umenigombanisha na watu arobaini. Kesho watajaa hapa na malalamiko. Utawajibu wewe."

"Kesho, mama? Jumamosi?"

"Unadhani watangoja Jumatatu?"

"Hapana, mama. Nitakuwepo."

Aliuliza choo kiko wapi. Akakaa humo muda mrefu. Alipotoka uso ulikuwa umelowa maji na macho ni mekundu. Mimi nikajifanya nasoma ratiba ya mabasi ukutani, mstari kwa mstari, hadi alipokuwa tayari tuondoke.