Siku Buberwa Alipoacha Bangi

Wanaume wa ukoo wa marehemu mume wangu walikaa sebuleni kwangu, Nyanga, kuamua nani arithi kibanja chake, yaani nyumba na shamba la migomba. Mimi nina mabinti wawili, na kwao binti si mrithi. Nathanael, mume wangu, tulikuwa tumemzika kwenye migomba hiyo hiyo, kwa ukimwi, ugonjwa ule ambao wakati huo tuliuita Juliana.

Waliotajwa ni wawili. Ildefons, binamu yake, alishatamka kwamba akipewa yeye nirudi kwetu Muleba na wanangu. Buberwa, mdogo wake Nathanael, aliapa hatutatoka. Ila Buberwa alirudi na bangi kutoka vitani Uganda, na tangu hapo hakukucha asivute. Wala si yeye peke yake, msinichekeshe! Nusu ya watu wazima wale waliotukunjia sura walikuwa wavutaji. Lakini ukoo ulisema mvuta bangi harithi.

"Shemeji, waitu, ndugu yetu, acha japo mpaka kikao kiishe," nilikuwa nimemwomba juma moja kabla.

Akaacha. Juma zima hakulala, chakula kilimshinda, jasho likamtoka, akanigombeza kwa chumvi na kwa kuni. Nilivumilia kwa furaha.

Siku ya kikao akapewa kikapu cha kahawa ya kutafuna awapitishie wazee, kama ilivyo desturi. Mikono ikamtetemeka, kahawa yote ikamwagika miguuni pa mzee Datius, mkuu wa ukoo. Mtu mmoja akacheka. Buberwa akamtukana mbele ya wote.

"Mnamwona?" mzee Datius akasema. "Hata leo amevuta."

"Hajavuta! Anatetemeka kwa sababu ameacha!" nikapiga kelele. "Muulizeni Ildefons, nimemkuta asubuhi hii migombani anavuta!"

"Mwanamke, nyamaza," mzee Datius akanikata.

Ildefons akapiga magoti, akaokota kahawa punje kwa punje, akamwombea ndugu yake radhi. Macho yake yalikuwa mekundu, sauti ya upole kama ya padri. Wakampa kibanja.

Nilifunga mizigo nikiwalaani mmoja mmoja. Nilipotoka uani kuanua nguo za watoto, niliwakuta Buberwa na Ildefons wamechuchumaa ukutani, msokoto ukiwaka kati yao.

"Nipe na mimi, kaka," Buberwa alisema.

Akapewa. Akavuta kwa muda mrefu, kisha akaniona, akatabasamu kwa mara ya kwanza juma lile.

"Shemeji," akaniambia kwa upole, "safari njema."