Sinki Lisilovuja

Fundi bomba yule alisifika kwa kupenda kazi za kulala. Mwite akutengenezee bomba la mvua, atakupiga chenga mpaka uchoke. Mwambie sinki linavuja, huyo keshafika, kajilaza chali na kichwa kabatini. Watu walimwita mvivu mwenye akili. Hawakujua kwamba akisimama muda mrefu, korodani ya kushoto ilimvuta na kumuuma mpaka jasho likamtoka, na akilala maumivu yanatulia.

Mwaka uliopita alikuwa amepasuliwa kwa sababu ya mishipa iliyovimba huko. Alimwambia mkewe yamekwisha, na kweli yalikwisha, kwa miezi michache. Mishipa ilipovimba tena, akafunga mdomo. Kwenye ufundi wake kazi inayorudiwa ni aibu, na alishajiaminisha kwamba wakimkata mara ya pili watamharibu kabisa. Basi akaamua kufa na tai shingoni.

Jumapili moja mkewe aliingia jikoni akaona miguu imetokeza chini ya sinki. Akapapasa bomba, akatazama sakafu. Pakavu.

"Mume wangu, sinki hili halivuji."

Miguu ikajivuta ndani kidogo.

"Yamerudi, siyo?"

"Yamerudi," sauti ikatoka kabatini.

Mkewe akakaa sakafuni kando ya miguu ile. Alikuwa na hasira, lakini huruma ilizidi. "Mficha uchi hazai. Kesho tunakwenda wote."

Daktari, mama wa makamo asiye na haraka, alimpima kwa picha wala hakumcheka.

"Walifunga mishipa mikubwa," akasema. "Kuna mmoja mdogo ulibaki, ndio unaorudisha damu chini. Hutokea. Safari hii hatukati tena hapo. Tutapitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa shingoni, tuushushe mpaka kwenye ule mdogo, tuuzibe kwa ndani huku tukiuona kwenye skrini."

"Mtanilaza usingizi?"

"Ganzi tu. Wewe utalala chali."

"Hiyo ndiyo fani yangu," akajibu, na mkewe akacheka mpaka akafuta machozi.

Siku ya matibabu aliingia, akatoka na plasta ndogo shingoni, haamini kwamba ndiyo basi. Maumivu hayakukatika siku hiyohiyo, yalipungua taratibu. Kisha siku moja akagundua kwamba ameshinda asubuhi nzima amesimama, anafunga bomba la mvua la mteja, na wala hajaukumbuka mwili wake. Akakaa kwenye ukingo wa bafu akalia kidogo, kwa raha tupu.

Wiki hiyo mkewe alirudi kutoka kazini, akakuta miguu imetokeza tena chini ya sinki. Mfuko ukamponyoka mkononi.

"Jamani, tena?"

Fundi akajivuta nje. Shati lilikuwa limelowa chapachapa, maji yanamchuruzika puani.

"Tulia, mke wangu. Leo linavuja kweli."